Papa Inspekta na Mtaro Uliobaki Wazi

Watu wa avenyu yetu walijua kwamba Papa Inspekta yuko njiani kabla hawajamwona, kwa sababu akina mama walianza kuziba. Mmoja alisukuma beseni juu ya shimo. Mwingine alitandika gunia juu ya maji ya kufulia na kuketi juu yake kama mgonjwa. Kisha yeye mwenyewe alitokea kwenye kona, amevaa buti nyeusi za mpira katikati ya kiangazi, wakati hakuna tone la mvua mjini na vumbi jekundu limefika hadi kwenye nyusi za watu.

"Papa, mvua iko wapi?" vijana wa pale kwenye kona walimtania.

"Siyaona," aliwajibu, yaani bado hajaona, akaendelea kutembea.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa mambo karibu yote. Ukimuuliza kama umeme utarudi jioni, siyaona. Ukimuuliza kama timu yetu itashinda Jumapili, siyaona. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa mtu asiyeweza kutamka jambo ambalo macho yake hayajalishika, na kwamba ugonjwa huo ulikuwa umemwingia kutokana na kazi yake.

Alikuwa mtu wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kukagua mabomba na mitaro ya maji machafu katika maparsele, yaani viwanja vya watu. Katika komini yetu mtu hawezi kuchimba mtaro kwa kujiamulia. Anaanza kwa kwenda ofisini na mchoro: nyumba hapa, choo pale, kisima cha jirani kule, bomba litapita huku. Wakikubali, anapewa ruhusa ya kuchimba. Anachimba, analaza bomba, halafu anangoja. Bomba linabaki wazi chini ya jua, watoto wanaliruka, kuku wanaingia humo na kutaga, mpaka inspekta aje. Akiridhika anatia sahihi, ndipo udongo unarudishwa. Watu wengi walielewa hatua zote isipokuwa ile ya kungoja. Mtaro ulio wazi uani ni aibu, kama kuanika nguo za ndani kwenye geti. Kwa hiyo walifunika, na yeye akaja, na ugomvi ukaanza.

"Musifunike," aliwaambia akina mama sokoni, vijana kwenye kona, wanaume waliobeba jeneza, mtu yeyote aliyesalimiana naye. Lilikuwa neno lake la kwaheri. Wengine husema tutaonana, yeye alisema musifunike.

Sikumpenda. Ni vizuri niseme hivyo mapema, maana watu wakinisikia nikimsimulia sasa wanafikiri alikuwa kama babu kwetu. Hakuwa babu wa mtu. Nilimwona akifunga choo cha mjane mmoja wa avenyu ya chini, akipigilia ubao mlangoni huku yule mama amekaa chini analia, na hakugeuka nyuma. Kesho yake nilingoja nisikie kwamba amerudi kumsaidia, kwamba ameleta saruji, au hata pole. Hakurudi. Yule mama aliomba choo kwa majirani msimu mzima.

Alitembea na chupa ya plastiki yenye maji, iliyojaa nusu. Hiyo chupa ilikuwa na kazi mbili. Alipofika kwenye mtaro aliilaza juu ya bomba na kuangalia maji ndani yake yanaegemea upande gani, akajua kama bomba linateremka au limelala. Alipomaliza aliifuta kwa shati na kunywa. Hakunywa maji ya parsele ya mtu, hata siku ya joto ambayo lami inashika kwenye viatu. Ukimletea kikombe aliuliza, "Hii inatoka wapi?" Ukimwonyesha kisima, aliangalia kisima, akaangalia choo, akaangalia tena kisima, akakushukuru, akanywa kwenye chupa yake. Wamama walichukia jambo hilo kuliko faini. Mama yangu alisema mtu akikataa maji yako, amekutukana na ukoo wako wote.

Kuhusu vinywaji vingine ni vile vile. Kuna wafanyakazi wa ofisi ambao ukiwafungulia soda na kuwakalisha kivulini, macho yao yanapoa. Yeye alikuwa hakai. Alisimama kandokando ya mtaro, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuona kaburi.

Parokiani kwetu padri alichimbisha mtaro wa choo cha waumini, na kwa sababu ya kipaimara cha watoto akaamuru ufunikwe na kupandwa maua juu. Papa Inspekta alikuja Jumatatu. Watu wanasema padri alimwambia, "Mwanangu, hata Mungu anaona chini ya udongo." Naye akajibu, "Ndiyo, Mon Père. Mais lakini komini haioni." Maua yaling'olewa. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, kwa kuwa alijua buti zake zinanuka. Akapanga mstari wa komunio nyuma ya watu wengine. Padri akampa. Sisi sote tuliinua vichwa kuangalia kama atampa.

Na sasa niseme jambo ambalo lilinichanganya kuliko yote. Nyumba aliyokaa yeye mwenyewe ilikuwa na maji machafu uani. Siyo kidogo. Yalitoka bafuni, yakapita mbele ya mlango, yakaenda kusimama chini ya mpapai, yamekuwa ya kijani. Kila asubuhi aliyaruka kwa buti zake akaenda kukagua ya wenzake. Alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba hakutaka kuchimba. Mke wake, mama mnene mwenye sauti ya kucheka, alimwita mbele ya watu "inspekta wa kwa bengine." Watu walipomsema, alijibu kwa utulivu, "Miye niko lokateri. Mupangaji hachimbake kwa muntu." Aliheshimu mipaka ya mamlaka yake hata pale iliponuka mlangoni kwake. Wakati ule niliona ni upumbavu.

Mtaro wetu alianza kuuchimba Mama. Baba alikuwa amekwisha kubaki chini ya udongo kule Kambove, katika shimo la wachimbaji, tangu Bea akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Choo chetu kilikuwa kinavuja kuelekea kisima cha jirani, na komini ikatuamuru tulaze bomba mpaka kwenye mfereji wa barabara. Mama alikwenda ofisini na mchoro wake, akapata ruhusa, tukachimba naye sisi watoto: mimi, Mado, Ilunga, na Bea akibeba udongo kwenye sufuria yake ya kuchezea. Bomba likalazwa. Tukaanza kungoja. Katika kungoja huko Mama akaugua, akalazwa, na akarudi nyumbani ndani ya sanduku.

Siku ya kilio baba mdogo alikuja na watu wake kutoka Kambove. Yeye ni mdogo wa Baba. Alitazama uwanja akaona hakuna pa kuweka viti, kwa sababu mtaro ulikuwa unaukata katikati. Akaamuru ufunikwe. Vijana wakarudisha udongo haraka, wakatupia na mawe na vipande vya matofali, wakakanyaga wakiimba, wakatandaza turubai juu kwa ajili ya jua, wakapanga viti vya plastiki. Hakuna aliyeniuliza.

Mchana, wimbo ukiwa katikati, buti zikaingia getini.

Alivua kofia. Akapita kwa kila mmoja wetu, akatushika mikono. "Pole, batoto. Pole mingi." Kisha akatazama chini, katikati ya miguu ya viti.

"Huku kulikuwa mtaro," akasema.

"Papa, tuko mu kilio," baba mdogo akamwambia.

"Kilio naona. Mtaro njo siyaona."

Watu wakanung'unika. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Huyu muntu haina roho! Maiti iko mu nyumba, yeye anatafuta tiyo, bomba ya choo!"

Papa Inspekta akauliza, "Shefu wa parsele njo nani?"

"Miye," baba mdogo akasema, akasimama na kurekebisha koti.

"Weye unalala huku?"

"Nalala Kambove. Mais niko baba yao sasa."

"Muntu wa kulala Kambove, maji yake inapita Kambove." Akageuza shingo polepole, akatafuta kati yetu, akanikuta. "Ni weye mukubwa wao?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi, shefu wa parsele, mukimaliza kuzika, mufukule. Niko nitarudia."

Watu walisema alinidhihaki, msichana aliyeacha shule mwaka uleule ili auze makaa getini, kumwita shefu mbele ya wazee. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilimchukia kwa moyo wote. Lakini hakuondoka. Alichukua kiti cha mwisho, juu ya mahali pale pale bomba lilipopita, akakaa mpaka jioni akiimba sauti ya chini pamoja na wanaume. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona amekaa katika parsele ya mtu. Chakula kilipoletwa, alivaa kofia akaenda.

Tulifukua. Mikono ya Mado ilitoka malengelenge yakapasuka. Tulikuta bomba limevunjika chini ya mawe ya kilio, vipande vipande kama chungu. Ilibidi kununua jingine, na mtu anayeuza makaa kwa vikopo hanunui bomba siku moja. Nilinunua kipande, nikangoja, nikanunua kipande. Ilunga alijifunza kwa fundi wa jirani jinsi ya kuunganisha kwa gundi. Ilipofika mwisho nilikwenda komini kumwita.

Alikuja na chupa yake na unga wa buluu wa kufulia nguo, ule wanaotia kwenye mashati meupe. Hiyo ilikuwa njia yake. Alikoroga buluu kwenye ndoo ya maji, akalimwagia bomba upande wa choo, akatembea taratibu mpaka upande wa barabara, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mdomo wa bomba. Bea aliziba mdomo wake kwa kiganja.

Buluu haikufika. Alingoja mpaka magoti yakamchosha, akainuka akishika ukuta.

"Inalala mu kati," akasema. "Hapa mu mupapai yenu, tiyo inapanda. Mufanye tena."

"Papa," nikamwambia, "tia tu sahihi. Nitarekebisha mwenyewe. Nakuomba."

"Siyaona maji, shefu."

"Baba mudogo anataka kuuza nyumba!"

Nilipiga kelele, na aibu ikanishika mara hiyo hiyo, kwa kuwa majirani walikuwa ukutani. Lakini ndiyo ilikuwa kweli. Baba mdogo alikuwa ameshatuambia mpango wake wote, amekaa kwenye kiti cha Mama. Komini itafunga parsele hii kwa sababu ya uchafu, alisema, na nyumba iliyofungwa hainunuliwi hata na kichaa, kwa hiyo tuiuze kabla. Mado angekwenda kwa shangazi kule Mokambo, akamsaidie biashara za mpakani. Ilunga angekwenda naye Kambove. Nilimuuliza Kambove kufanya nini, akanijibu kijana hakosi kazi kule, na tukajua wote ni kazi gani, maana Baba hakukosa. Bea angelelewa na mke wake. Mimi, alisema, nimeshakuwa mkubwa, wanaume wapo.

Papa Inspekta alinisikiliza mpaka mwisho. Akainama, akachukua chupa yake juu ya bomba.

"Nimesikia," akasema. "Mufanye tena."

Usiniulize nilivyolia baada ya yeye kutoka. Mado alinitikisa bega akasema, "Yaya, dada yangu, sasa tutafanya nini? Yaya, sema kitu." Nilimwambia alete jembe.

Tuling'oa mpapai. Tulichimba zaidi pale alipoonyesha, tukalaza upya, nikajaza chupa yangu mwenyewe nusu maji nikailaza juu ya bomba kila hatua, mpaka niliona maji yanaegemea barabarani. Nikaenda komini. Wakaniambia hayupo tena. Amepumzishwa, alisema msichana wa mlangoni, sasa kuna mwingine.

Huyo mwingine alikuwa kijana mwenye viatu safi. Sitaki kumsema vibaya. Alinikaribisha kwa adabu na kunipa kiti. Lakini alikuwa haji. Nilikwenda, akasema atakuja. Nilikwenda tena, akasema dosie, faili letu, iko mezani. Nilimwambia mtaro uko wazi, watoto wanalala karibu nao, mvua zinakaribia. Akaniambia nitulie, mama. Majirani walinishauri nifunike tu, nani atajua. Jirani mwenye kisima akaniambia, "Binti, funika mutaro, unalala usingizi." Kisha baba mdogo akapiga simu. Alikuwa amepata mnunuzi, mfanyabiashara anayetaka kuweka depo ya bidhaa, na wangekuja wiki hiyo hiyo kuangalia.

Asubuhi ya siku waliyosema watakuja, nilikwenda kwa Papa Inspekta. Sikujua naenda kumwomba nini. Mtu hakuwa na ofisi tena, hakuwa na muhuri. Nadhani nilitaka mtu mmoja tu duniani aone kwamba bomba letu linateremka.

Nilimkuta ameketi mlangoni, miguu imevimba ndani ya malapa. Maji ya kijani yalikuwa bado mbele yake. Buti zilikuwa zimeanikwa ukutani, vinywa chini. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu.

"Nani?" akauliza.

Nilitaja avenyu yetu.

"Ah. Shefu wa parsele." "Inatembea?"

"Siyaona, Papa," nikamjibu. "Nangoja wa kuona."

Mke wake akacheka ndani kwa sauti yake kubwa. "Hiyo ni dawa yako mwenyewe, inspekta! Kunywa!" Akatoka na buti mkononi, akapiga magoti, akamvalisha moja baada ya nyingine huku akimsema: "Bamekufukuza, miguu yako kama mitungi, bado unaenda kuangalia choo ya bantu. Haya, nenda. Mais ukianguka mule, usiniite."

Tulitembea taratibu. Alishika bega langu. Njiani vijana wa kona walimwita, "Papa, mvua iko wapi?" naye akainua uso kutazama mawingu, kwa sababu siku hiyo yalikuwepo, meusi upande wa Luano.

Nyumbani alitaka kila kitu kama zamani. Ilunga akakoroga buluu. Yeye akapapasa bomba kwa kidole tangu chooni mpaka getini, amepinda mgongo, bila kuruka kiungo hata kimoja. Akalaza chupa. Akauliza maji yanaegemea wapi, maana jicho lilikuwa halimwambii vizuri, na Bea akamwambia, "Yanaenda huku, Papa," akaonyesha barabara. Akapiga magoti kwenye mdomo wa bomba. Ilibidi mimi na Mado tumshushe kwa mikono miwili. Akaweka sikio.

"Mwaga."

Ilunga akamwaga. Nilisikia kabla sijaona: sauti ndogo, kama mtu anayeburuta kitambaa sakafuni. Kisha buluu ikatoka, ikamlowesha shavu na kola ya shati, ikaanguka kwenye mfereji wa barabara. Bea akapiga makofi. Papa Inspekta alibaki pale pale na shavu la buluu, amefumba macho, na nilifikiri anasali.

Nilikuwa nimengoja neno moja tangu Mama azikwe. Nilikuwa hata nimeshaweka mabeleshi manne tayari ukutani.

"Papa, tufunike?"

"Musifunike," akasema.

Niliketi kwenye udongo. Mado akamgeukia kwa hasira. "Papa! Si umeona? Si umesikia maji?"

"Nimeona. Ni muzuri. Siyaona tiyo muzuri hivi tangu zamani." Alijaribu kuinuka, akashindwa, akaketi nami ukingoni, miguu ya buti ndani ya mtaro. "Mais miye haiko tena inspekta. Mukifunika pasipo ule wa sasa kuona, kesho komini inaweza kuya kufunga parsele, na baba yenu mudogo atakuwa na haki. Mukiacha wazi, kazi haiyaisha. Unasikia, shefu? Kazi haiyaisha."

Nilisikia kwamba kazi haijaisha, lakini sikuelewa. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia haelewi haraka.

Hatukumaliza, kwa sababu gari lilisimama getini. Baba mdogo aliingia na mnunuzi wake, mtu mnene mwenye shati la maua, anayetembea akipima kuta kwa macho. Walifika ukingoni wakasimama. Mtaro ulikuwa kati yetu na wao.

"Hii ni nini tena?" baba mdogo akauliza. "Sikusema mufunike hii uchafu?"

Papa Inspekta akatoa mkono, Ilunga akamvuta juu. Akavaa kofia yake. Nilimwona akinyoosha mgongo kiungo kwa kiungo, kama alivyopapasa bomba.

"Musipite," akasema. "Huku kazi iko wazi. Inspeksio ya komini haiyaisha."

"Na weye ni nani?" mnunuzi akauliza.

Hapo ndipo nilipomtazama. Mtu huyu hakuwahi kuniambia kwamba kesho kutakucha. Alikataa kutia sahihi mbele ya machozi yangu kwa sababu hakuona maji. Aliishi na uchafu mlangoni kwa sababu uwanja haukuwa wake.

"Inspekta," akasema.

Baba mdogo alimkumbuka, nikaona uso wake ukibadilika. Mnunuzi alitazama buti, shavu la buluu, bomba lililo uchi kutoka mwisho hadi mwisho.

"Parsele yenye kazi wazi haiuzwe, haifungwe," Papa Inspekta akaendelea, kwa sauti ile ile kavu aliyomsemea padri. "Mpaka kazi iishe na komini itie sahihi. Muntu akinunua, amenunua deni ya komini na mutaro wake."

"Inaisha siku gani?" mnunuzi akauliza.

"Siyaona."

Mnunuzi akamgeukia baba mdogo. "Muzee, weye uliniambia parsele iko safi." Baba mdogo akaanza kueleza mambo mengi kwa pamoja, lakini yule alikuwa ameshashika ufunguo wa gari. Tulisikia wakigombana mpaka mlango ukafungwa.

Nilimsindikiza Papa Inspekta nyumbani. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, makubwa, yakitoboa vumbi. Tukafika kwenye maji yake ya kijani.

"Papa, ile sheria," nikasema. "Ya parsele kutouzwa kazi ikiwa wazi. Ni ya kweli?"

Alifungua chupa yake. Akainyanyua kwenye mwanga kama mtu anayetafuta kitu ndani, akanywa yote, hata tone la mwisho, akanipa chupa tupu.

"Uulize ule wa sasa," akasema. "Siku atakuya."

Akaruka maji yake, vibaya, buti moja ikaingia. Sikumwona tena. Niliporudi baada ya wiki kadhaa mke wake aliniambia uvimbe wa miguu ulipanda mpaka moyoni ukamchukua, na safari hii hakucheka.

Yule wa sasa hajaja. Mvua zimeanza kweli, na kila asubuhi ukuta mmoja wa mtaro unaanguka. Ilunga ameweka ubao wa kupita. Usiku namkataza Bea asitoke peke yake. Majirani wanasema nimerogwa: bomba linafanya kazi, buluu ilitoka mbele ya macho yao, na mimi nashinda ndani ya shimo na beleshi, nautoa udongo ambao watu wengine wangeshukuru mvua kwa kuurudisha. Mado ananishika mkono na kuniomba tufunike. Namwambia bado tuko wanne kwenye nyumba hii, alete jembe.

Jana baba mdogo alipita. Hakuingia. Alisimama getini chini ya mwavuli, akautazama mtaro upande huu na upande ule, akaniuliza kama watu wa komini wamekuja.

Nilikuwa chini, matope yamenifika magotini, chupa imelala juu ya bomba.

"Bado," nikamwambia.